Siku ya kutathminiwa ulemavu: Usijibu tu kuwa hujambo

MTU akijuliwa hali hujibu kuwa hajambo, hata kama usiku kucha hakupata lepe la usingizi kwa maumivu. Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo, na mahali pake ni barazani. Katika chumba cha madaktari wanaotathmini ulemavu, adabu hiyo yaweza kumkosesha mtu haki yake. Jopo huandika linachokiona na linachoambiwa. Aliyesema hajambo huandikwa kuwa hajambo.

Makala haya yanaeleza tathmini hiyo inahusu nini hapa Kenya, na jinsi mwombaji anavyopaswa kujiandaa.

Kinachotegemea tathmini

Ripoti ya madaktari ndiyo hatua ya kwanza. Kwayo, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu humsajili mwombaji na kumpa kadi. Baraza hilo liliundwa chini ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya iliyotiwa saini Mei 2025.

Mwenye kadi aweza kuomba vifaa kama viti vya magurudumu, na anayefanya kazi aweza kuomba msamaha wa kodi. Kwa mujibu wa amri ya mwaka 2010, Sh150,000 za kwanza za mapato ya kila mwezi hazitozwi kodi ya mapato. Hivyo basi, karani anayelipwa Sh60,000 kwa mwezi, akipata cheti cha msamaha, halipi kodi hiyo hata senti. Hata hivyo, cheti hakiji chenyewe baada ya kadi. Ombi lake hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, na muda wake ukimalizika ni lazima kiombwe upya.

Kuna pia fedha za Inua Jamii, Sh2,000 kwa mwezi, kwa familia iliyo na mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa wakati wote. Kadi peke yake haimwingizi mtu katika orodha hiyo. Familia huteuliwa kwa kuchunguza hali ya nyumbani.

Sheria inasemaje

Wengi hudhani kwamba madaktari hutafuta jina la ugonjwa. Sivyo. Kifungu cha 260 cha Katiba ya mwaka 2010 kinautaja ulemavu kuwa ni pamoja na upungufu wa kimwili, wa hisia, wa akili au hali nyingine yoyote ambayo ina athari kubwa au ya muda mrefu kwa uwezo wa mtu kutekeleza shughuli zake za kawaida za kila siku.

Uzito umo katika maneno hayo ya mwisho. Watu wawili waweza kuugua yabisi ya magoti. Mmoja hupanda ngazi polepole na kufika. Mwingine hawezi kuchuchumaa chooni, wala kuinuka kitandani bila kushikwa mkono. Ugonjwa ni mmoja, lakini ulemavu haulingani. Kwa hiyo, anayeeleza jina la ugonjwa pekee hajaeleza hata nusu ya yanayotakiwa.

Kabla ya siku yenyewe

Tathmini hufanywa katika hospitali zilizoidhinishwa na Wizara ya Afya, na katika nyingi jopo huketi siku maalumu tu. Ulizia kwanza siku hizo, usije ukapoteza nauli na nguvu bure.

Beba kitambulisho, au cheti cha kuzaliwa kwa mtoto. Beba pia kadi za kliniki, picha za eksirei, barua ulizopewa ulipotoka wodini, na orodha ya dawa unazotumia. Toa nakala za kila karatasi, kisha acha nakala nyumbani.

Usiache vifaa vyako. Uwezo wa macho hupimwa mtu akiwa amevaa miwani yake, na jicho linaloangaliwa zaidi ni lile lenye nafuu. Mwenye kifaa cha kusikia aje nacho, na anayetembea kwa mkongojo asiuache nyumbani eti aonekane mkakamavu.

Juma moja kabla ya safari, andika kila siku ulichoshindwa kufanya na ulichosaidiwa: kuoga, kuvaa, kupika, kuchota maji, kupanda matatu, kuhesabu pesa, kukumbuka dawa. Andika na nani aliyekusaidia. Karatasi hiyo itakukumbusha pale utakapobabaika.

Mbele ya jopo

Uchunguzi huanza kabla ya swali la kwanza. Jinsi unavyoingia mlangoni, unavyoketi na unavyofungua vifungo vya shati ni ushahidi kwa daktari. Usijikaze kuliko unavyojikaza nyumbani.

Ukiulizwa iwapo waweza kutembea, usijibu “ndiyo” ukanyamaza. Sema ni umbali gani, kwa muda gani, na nini hufuata. “Nafika dukani, lakini hupumzika mara tatu, na kesho yake siwezi kuinuka” ni jibu lenye manufaa kuliko “natembea kidogo”. Ikiwa siku zako hazifanani, eleza siku njema na siku mbaya, na useme ni ngapi katika juma zilizo mbaya.

Upande wa pili, usitie chumvi. Daktari mzoefu hutambua mguu unaochechemea chumbani na kunyooka uani, na taarifa ya uongo yaweza kumharibia mtu hata lile alilostahili.

Asiyesikia ana haki ya kutumia lugha ya ishara, kama Kifungu cha 54 cha Katiba kinavyosema. Mjulishe msimamizi mapema kwamba mkalimani anahitajika. Mtoto asiachwe aketi kati ya mamake na daktari, akitafsiri mambo ya siri ya mzazi wake.

Ulemavu usioonekana

Walio hatarini zaidi ya kueleweka vibaya ni wale ambao miili yao haionyeshi kitu: wenye kifafa, wenye maradhi ya akili, na wenye maumivu yanayokuja na kuondoka. Mwenye kifafa huenda akafika kwa daktari akiwa mzima kabisa. Isitoshe, mara nyingi yeye mwenyewe hakumbuki alivyoanguka.

Mtu wa namna hii asiende peke yake. Aandamane na mke, ndugu au jirani aliyeshuhudia, na tarehe za matukio ziwe zimeandikwa. Ushahidi wa aliyemshika asiungue jikoni waweza kueleza jambo ambalo kipimo cha siku moja hakionyeshi.

Waliojeruhiwa kazini

Aliyeumia kazini ana njia nyingine, ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007. Hapa daktari hukadiria ulemavu wa kudumu kwa asilimia. Kupoteza mikono yote miwili, kwa mfano, ni asilimia 100, na fidia yake hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96, kwa kuzingatia viwango vya chini na vya juu vilivyowekwa.

Mfanyakazi wa Sh20,000 kwa mwezi aliyekadiriwa asilimia 25 huhesabiwa miezi 24, yaani Sh480,000. Asilimia 10 zikipunguzwa katika ripoti, Sh192,000 zimekwenda. Ndiyo maana mfanyakazi asiione ripoti hiyo kuwa karatasi tu ya mwajiri. Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali katika muda wa siku saba, na dai liwasilishwe kabla ya miezi 12 kupita. Asiyeridhika na uamuzi wa mkurugenzi wa usalama na afya kazini ana siku 60 za kuupinga.

Ukikataliwa

Kukataliwa si mwisho wa safari. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa afisi ya umma haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ziombe. Huenda kilichokosekana ni ripoti ya mtaalamu wa macho au masikio, muhuri, au maelezo ambayo hayakutolewa. Ukiisha kujua pengo liko wapi, lizibe na uombe kutathminiwa tena.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Aibu ya kusema mbele ya daktari kwamba unaogeshwa na mwanao ni ya dakika chache. Ripoti itakayoandikwa itakufuata kwa miaka.