Santuri na sidii: ipi ya kusikiliza nyumbani?

Watu waliorithi makasha ya santuri kutoka kwa wazee wao huniuliza: tuziweke, au tuzinakili kwenye sidii kisha tuzitupe? Nasema msizitupe, ingawa kwa kusikiliza kila siku sidii ndiyo bora.

Sidii iliingia sokoni mwaka wa 1982, kazi ya Philips na Sony. Hupima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde, na hiyo yatosha kubeba yote yanayosikika kwa sikio la binadamu. Penye kimya pana kimya kweli. Santuri ina mfereji mwembamba unaopitiwa na sindano, na kadiri sindano inavyokaribia katikati, mfereji hupita chini yake polepole zaidi na sauti nyembamba, kama za fidla, hufifia. Wanaosema sauti ya santuri ni tamu zaidi hawasemi uongo, ila utamu huo ni wa ladha, si wa usahihi.

Lakini taarabu yetu haikuzaliwa kwenye sidii. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka wa 1928 kwa kampuni ya HMV, kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika, zenye dakika tatu hivi kila upande. Baadaye duka la Assanand hapa Mombasa likatoa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa chapa ya Mzuri. Sidii nyingi za taarabu za zamani tulizouziwa mitaani zilitolewa kwenye kaseti, na kaseti zenyewe zilitolewa kwenye santuri zilizokwisha kuchakaa. Ni nakala ya nakala. Kwa hiyo santuri safi iliyo kabatini kwa nyanya yako huenda ikawa ndiyo iliyo karibu zaidi na sauti ya mwimbaji mwenyewe.

Ukitaka kuipiga, angalia mambo mawili. Santuri za 78 zina mfereji mpana, nazo zahitaji sindano yake. Sindano ya kawaida huzama chini na kuokota uchafu. Pili, santuri za kisasa hukatwa besi ikiwa imepunguzwa, na amplifaya huirudisha. Ukichomeka waya moja kwa moja kwenye spika za siku hizi bila kifaa hicho, sauti hutoka nyembamba na hafifu, nawe ukadhani santuri imeharibika. (Wapo waliouza makasha mazima kwa sababu hiyo tu.)

Hali ya hewa ya Pwani haimpendelei yeyote. Jua la dirishani hupinda santuri ya plastiki kwa mchana mmoja, na unyevu huleta kuvu. Zipange wima, si kwa kulaliana. Za 78 zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu, kwa hiyo usizipanguse kwa spiriti, huziyeyusha; maji kidogo na kitambaa laini yatosha, bila kulowesha karatasi ya katikati. Sidii nayo isikudanganye. Ile uliyochoma mwenyewe kwenye kompyuta huandikwa juu ya rangi, na rangi hiyo hufifia kwa joto na mwanga. Ukishanakili, weka faili kwenye diski mbili zilizo nyumba mbili tofauti, na santuri irudishe kashani.