Yai la Mwaka 1963
Shangazi aliniuliza mbele ya meza nzima, harusini, eti nangoja nini. "Mayai hayakungojei, wewe." Nina miaka 34. Nilicheka na wenzangu, halafu nikajifungia chooni.

Usiku nikaanza kusoma. Kumbe mayai hungoja, na kungoja huko ndiko kunakoyachosha.

Mama alizaliwa Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru. Yai lililokuja kuwa mimi liliumbika miezi kadhaa kabla, yeye akiwa tumboni mwa Shosho, Kenya ikingali koloni. Mwaka huohuo, huko Uingereza, mtafiti T. G. Baker alichapisha hesabu ya mayai kwenye ovari za binadamu: kama milioni 7 mwezi wa tano wa mimba, milioni 2 hivi mtoto anapozaliwa. Yaani mengi hufa kabla mwenyewe hajalia mara ya kwanza. Hapo utalaumu kazi, ama masters?

Yanayobaki huanza kujigawa, kisha husimama katikati. Kromosomu zimeshikana mbili mbili, zimefungwa na protini iitwayo kohesini, na yai hukaa hivyo miaka 20, 30, 40. Utafiti wa panya uliochapishwa 2010 ulionyesha kwamba kamba hizo hufungwa kabla ya kuzaliwa na hazifanywi upya. Pole pole zinalegea. Siku yai linapoitwa kumaliza kazi, kromosomu moja inaweza kwenda upande usio wake. Mara nyingi mimba hiyo haikai.

Dalili ya jambo hili ilionekana kabla ya sababu yake kujulikana. Mwaka 1933 Lionel Penrose, daktari wa Colchester, alilinganisha umri wa wazazi waliopata watoto wenye sindromu ya Down. Umri wa baba haukuwa na uzito. Wa mama ndio. Ilichukua hadi 1959, Paris, kuonekana kwamba watoto hao wana kromosomu 47 badala ya 46. Aliyezikuza seli zile maabara ni Marthe Gautier. Jina lake liliwekwa la pili, tena likakosewa herufi. Hiyo ni hasira ya siku nyingine.

Kwa hivyo shangazi hakudanganya. Baada ya 35 makosa hayo huongezeka haraka, na mimi niko mlangoni. Lakini alivyosema, ungedhani ni uzembe wangu, kana kwamba nimesahau sufuria jikoni.

Jumapili nilimweleza Mama. Akanyamaza, akihesabu kwa vidole. Akaniambia Shosho alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa mwaka huo, akainama na mimba yake msimu mzima, debe kwa debe.

"Basi hata wewe ulichuma," akasema.