Kishindo Chini ya Gari: Somo Litokalo Kongwa

Yeyote aliyepata kupanda pikapu kutoka Mbande kwenda Kongwa huenda ameisikia sauti tunayotaka kuizungumza hapa. Dereva hulegeza mwendo ili apite penye shimo, kisha hukanyaga mafuta tena, na mara chini ya sakafu hulia "ko!" kana kwamba mtu amegonga chuma kwa nyundo. Abiria hutazamana. Dereva husema, "Ni uzee tu wa gari." Sisi twaona kwamba jawabu hilo halitoshi. Kishindo kina sababu, na sababu yaweza kutafutwa kwa utaratibu. Tena katika Kongwa hiyo hiyo ziko habari za zamani zinazotuonyesha hasara ya kuacha kutafuta mapema.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Nguvu ya injini hupita katika giaboksi, ikafuata chuma kirefu cha mviringo kiitwacho propela shafti, ikafika kwenye difu, nayo ndiyo igeuzayo magurudumu ya nyuma. Difu hupanda na kushuka pamoja na springi, ilhali giaboksi imefungwa mahali pake. Kwa hiyo shafti haina budi kuweza kujipinda huku inazunguka. Kazi hiyo hufanywa na jointi: vyuma viwili vilivyo mfano wa uma, na katikati yao kipande chenye umbo la msalaba, ambacho mafundi hukiita krosi. Maarifa haya si ya jana. Mtaalamu Robert Hooke wa Uingereza aliieleza jointi ya namna hiyo katika karne ya 17. Na mwaka 1903 Clarence Spicer wa Marekani alipata hati ya uvumbuzi kwa jointi ya motokaa, wakati ambapo motokaa nyingi zilikuwa bado zikiendeshwa kwa minyororo.

Sasa na tuirudie Kongwa. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, Uingereza ilipungukiwa sana na mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu katika kampuni ya United Africa, alileta shauri la kulima karanga kwa mitambo katika Tanganyika. Serikali ya Uingereza ikamtuma John Wakefield, aliyekuwa zamani mkuu wa idara ya kilimo katika Tanganyika, pamoja na wenzake wawili, wazitazame nchi. Walizunguka majuma machache tu, mara nyingi kwa ndege, wakaandika kwamba eka 3,210,000 zaweza kulimwa, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Shauri likakubaliwa, wala halikutanguliwa na shamba dogo la kujaribia.

Mwanzo wa mwaka 1947 kundi la kwanza lilifika Kongwa. Walitakiwa kusafisha eka 150,000 katika mwaka huo wa kwanza. Matrekta mapya yalikuwa haba, basi yakanunuliwa makuukuu, mengine yakiwa masalio ya jeshi la Marekani kutoka visiwa vya Philippines. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Mitambo hiyo ilikutana na mibuyu, vichaka vyenye mizizi iliyosukana, na udongo ambao mvua zikikoma hukauka ukawa mgumu kama tofali lililochomwa. Mchanga wake mkali ulizila jembe za chuma. Vipuri vilikuwa adimu. Kabla mwaka haujaisha, yapata theluthi mbili ya matrekta yalikuwa hayafanyi kazi, na eka zilizopandwa karanga zilikuwa kama 7,500 tu.

Hatusemi kwamba mradi ule uliangushwa na jointi moja. Mvua pia ilikuwa chache, na jambo hilo Wagogo walilijua tangu zamani. Ndiyo sababu walitegemea ng'ombe, mtama na uwele. Na wazee walikuwa hawajaisahau njaa kuu iitwayo Mtunya, ya miaka ya 1918 hadi 1920. Dalili zilikuwapo basi, za ardhi na za chuma pia. Lakini kazi ilisukumwa mbele kabla dalili hazijachunguzwa. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule mkubwa, na hasara ilikuwa pauni milioni 36 hivi.

Fundi mwema hafanyi hivyo. Yeye huanza kwa kuuliza: sauti yaja wakati gani? Ikija gari lipitapo juu ya bonde au jiwe, huenda ni springi au mipira yake. Ikija dereva akanyagapo mafuta au ayaachapo, au abadilishapo gia ya mbele kwa ya nyuma, basi pana ulegevu katika njia ya nguvu, tangu giaboksi hata magurudumu.

Gari na liwekwe mahali pa tambarare, injini izimwe, na magurudumu yawekewe mawe imara mbele na nyuma. Ndipo gia iwekwe huru. Mtu asiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Fundi aishike shafti kwa mikono miwili, aizungushe kidogo huku na huku, akitazama kila jointi. Uma mmoja ukicheza ilhali wa pili umetulia, krosi imelika. Unga mwekundu wa kutu kando ya vikombe vya krosi ni dalili kwamba grisi imekwisha. Kisha azikaze bolti zilizolegea, atazame sehemu ya shafti inayoteleza ndani ya nyingine kama ni kavu, na beringi ya katikati ikiwa shafti ni ya vipande viwili. Baada ya hayo aiangalie mipira inayobeba injini na giaboksi. Difu iwe ya mwisho, kwa kuwa kuifungua ni kazi kubwa na ya gharama. Na ulegevu kidogo ndani yake ni wa kawaida.

Kama ni krosi, isingojewe. Kabla ya kuitoa shafti, fundi aitie alama ya rangi pamoja na mahali inapofungwa, ili irudi vile vile ilivyokuwa. Ikigeuzwa yaweza kuleta mtetemo. Krosi mpya iingizwe taratibu, vijiti vyembamba vya beringi visianguke ndani ya vikombe. Ikiwa ina chuchu ya grisi, isukumwe grisi hata ile ya zamani itoke. Baada ya safari chache bolti zikaguliwe tena.

Krosi ni kitu kidogo, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na difu. Lakini ikikatika katika mwendo, shafti yaweza kuanguka mbele, ikajichimbia barabarani na kulipindua gari pamoja na watu waliomo. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Kongwa ukuta ule uligharimu mamilioni ya pauni. Mwenye pikapu hana mamilioni. Ana gari moja, na watoto wanaokula kwa kazi ya gari hilo. Kwa hiyo alisikiapo "ko!" mara ya kwanza, asilisingizie uzee. Na asimame, atafute mawe ya kuweka kwenye magurudumu, aishike shafti kwa mikono yake.