Kivumishi cha Muda na Ardhi ya Laikipia: Neno Moja la Mkataba wa 1904

Makala haya yanakusudia kuchunguza matumizi ya kivumishi kimoja cha Kiingereza, "enduring", katika Mkataba wa Wamaasai wa mwaka 1904. Vivumishi vya muda hufundishwa madarasani kana kwamba ni jambo jepesi: mwanafunzi hutakiwa kupambanua cha kitambo na cha kudumu, kisha akapewa sentensi za kujaza. Historia ya nchi yetu yaonyesha vingine. Kivumishi cha namna hii kilipata kuwekwa kiwe kinga ya malisho ya watu, na kabla ya miaka 7 kutimia watu hao walikuwa wakiambiwa wahame.

Tuanze na tukio lenyewe. Mwezi wa Agosti 1904 Sir Donald Stewart, Kamishna wa Himaya ya Afrika ya Mashariki, alipatana na viongozi wa Wamaasai wakiongozwa na laiboni Olonana, ambaye katika hati ameandikwa Lenana. Wamaasai walikubali kuondoka kando ya reli na katika ardhi ambayo ingefunguliwa kwa walowezi wa Kizungu. Nao wakatengewa sehemu mbili: moja Laikipia, upande wa kaskazini, na nyingine kusini mwa reli. Zaidi ya hayo walibakiziwa angalau maili 5 za mraba katika miteremko ya Kinangop kwa sherehe za tohara. Hati iliandikwa kwa Kiingereza, na maana yake iliwafikia wazee kwa njia ya wakalimani, Kiswahili kikiwa daraja baina ya lugha mbili.

Karibu na mwisho wa hati ndipo linapotokea neno letu. Wazee wanasema wameridhika na mapatano na kwamba wanajifunga kuyatii, wao na watakaowarithi. Kisha wanaomba mapatano hayo yawe "enduring" maadamu Wamaasai wapo kama kaumu, na walowezi wasiruhusiwe kutwaa ardhi katika makazi yao.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni maana ya kivumishi hiki. Kimetokana na kitenzi ambacho asili yake ya Kilatini ni kuwa kigumu, na ambacho katika Kiingereza kimebeba maana mbili: kudumu na kustahimili. Kwa hiyo hueleza sifa ya kitu kuliko kipimo chake. Mwingereza husema urafiki fulani ni "enduring", lakini hakiambatanishi kivumishi hicho na hesabu ya miaka. Akitaka kutaja miaka 90 hana budi kuiunda sentensi kwa namna nyingine. Katika Kiswahili mfasiri angeweza kuchagua "-a kudumu", "-a daima" au "-a milele", na maneno haya hayalingani. La kwanza lasema kitu kinaendelea kuwapo, la pili lasema hakikatiki, na la tatu lasema hakina mwisho.

Jambo la pili ni kipimo. Kwa kuwa kivumishi chenyewe hakikitaji mpaka, sentensi imeongezewa kishazi tegemezi: maadamu Wamaasai wapo. Kwa kanuni za sarufi hapa hapana kosa lolote. Kishazi hicho kinaupima muda kwa sharti badala ya tarehe, na sharti lenyewe ni wazi. Anayetaka kujua kama muda umekwisha na aangalie tu kama Wamaasai wangaliko. Mwaka 1911 walikuwako.

Jambo la tatu aghalabu husahauliwa, nalo ndilo zito. Kivumishi hiki kiko chini ya kitenzi cha kuomba. Hati haikusema kwamba mapatano "yatakuwa" ya kudumu. Ilisema wazee wanaomba "yawe" ya kudumu. Ni kweli kwamba Stewart aliyakubali yote yaliyotangulia, na kwa hiyo ombi likawa sehemu ya mapatano. Hata hivyo aliyakubali kwa sharti kwamba waziri aliyehusika huko London ayaidhinishe. Hivyo upande mmoja ulijifunga bila ya sharti, na kinga ya upande huo huo ikaandikwa kwa lugha ya mwombaji.

Olonana alifariki Machi 1911. Mwezi uliofuata, Aprili, Gavana Sir Percy Girouard aliwatilisha Wamaasai saini katika mkataba wa pili, wa kuihama Laikipia na kukusanyika kusini. Baadhi yao walikwenda mahakamani mwaka 1913 katika kesi ya Ole Njogo, wakidai kwamba mkataba wa kwanza ulikuwa ungali na nguvu. Mtaalamu wa lugha angetazamia kwamba mahakimu wangeupima muda wa kivumishi kwa kishazi chake. Hawakufika huko. Waliamua kwamba mikataba ile ilikuwa ya dola na dola, kwani Himaya haikuwa milki ya Uingereza na Wamaasai hawakuwa raia wake. Basi mahakama za nchi hazikuwa na uwezo wa kuisikiliza. Neno lilitumiwa sawasawa, lakini sentensi haikusomwa.

Inafaa kulinganisha na lugha waliyotumiwa walowezi. Sheria ya Ardhi za Taji ya 1902 iliruhusu ukodishaji wa miaka 99, na ile ya 1915 ikaufikisha miaka 999. Mlowezi alipewa tarakimu, naye Mmaasai akapewa kivumishi. Tarakimu huhesabika mbele ya karani yeyote, ilhali kivumishi hungoja mtu mwenye mamlaka akubali kukifasiri.

Pengine ndiyo sababu kumbukumbu ya watu ilikwenda ikakitafutia kivumishi hicho tarakimu. Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba, Wamaasai waliandamana wakidai kwamba muda wa kukodishwa kwa ardhi yao umekwisha. Katika hati ya 1904 hamna ukodishaji wala idadi ya miaka. Lakini si haki kuwacheka waandamanaji. Walikuwa wamejifunza kutokana na historia ni muda wa namna gani uliokuwa ukiheshimiwa nchini, na wakaidai haki yao kwa lugha hiyo. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo ilitumia tarakimu ilipowawekea wasio raia kikomo cha miaka 99.

Kwa hiyo tunapofundisha au kufasiri vivumishi vya muda, haitoshi kuuliza kama neno linapatana na nomino yake. Hapana budi kuuliza pia muda huo unapimwa kwa nini, kitenzi kilichoutawala ni cha kuahidi au cha kuomba, na ni nani aliyepewa uwezo wa kusema kwamba umekwisha. Maswali hayo matatu yangeweza kuulizwa mwaka 1904 kwa Kiswahili kile kile kilichokuwa daraja.