Kelele za Mlangoni: Miaka 27 ya Houston Nje ya Big 12

Wahenga walisema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Mashabiki wa Chuo Kikuu cha Houston, kule Texas, huenda hawajawahi kuisikia methali hiyo, lakini yaliwakuta yenyewe kwa miaka 27. Nyumba ilikuwa inaitwa Big 12. Ilipojengwa mwaka 1994 wao waliachwa nje. Wakapiga hodi mpaka vidole vikauma, na siku walipofunguliwa, mkubwa wa nyumba alikuwa anafunga mizigo ahamie kwingine. Je, kelele zao zilisaidia chochote?

Kwanza tuelewane kuhusu mfumo wenyewe, maana unamchanganya mtu aliyezoea ligi za kwetu. Marekani michezo ya vyuo vikuu si bonanza la wanafunzi. Ni biashara kubwa, na viko viwanja vya vyuo vinavyoingiza watu zaidi ya laki moja kwa mechi moja. Vyuo hujikusanya katika vyama vinavyoitwa konferensi. Wanachama hucheza wao kwa wao, na fedha za televisheni wanagawana. Sasa shika hili: hakuna kupanda daraja wala kushuka. Unaweza kushinda mechi zote na bado ukabaki kwenye konferensi ndogo, huku mwenzio anafungwa kila wiki na anakula mgawo mnono. Ili uingie lazima uitwe, na wanaokuita ni wale wale utakaokwenda kula nao sahani moja.

Houston kilianza mwaka 1927 kama chuo cha ngazi ya chini, kikawa chuo kikuu mwaka 1934, na jimbo likakichukua mwaka 1963. Wengi waliosoma pale walikuwa watoto wa wafanyakazi, wenyewe wakiwa na vibarua mjini, wakimaliza vipindi wanarudi kulala kwao. Timu yao inaitwa Cougars, basi mahasimu wakawabandika jina la Cougar High, yaani eti ile ni sekondari tu. Kejeli hiyo iliuma, na ukitaka kuelewa kelele zote zilizofuata, anzia hapo.

Kiwanjani hata hivyo walikuwa na la kujibu. Mwaka 1964, wakati vyuo vingi vya kusini vilikuwa bado havitaki wachezaji weusi, Houston iliwachukua Elvin Hayes na Don Chaney kwa mpira wa kikapu, na Warren McVea kwa futiboli ya Kimarekani. Tarehe 20 Januari 1968, mbele ya watu zaidi ya 52,000 ndani ya Astrodome, Hayes na wenzake waliifunga UCLA 71-69. Mwaka 1971 wakakubaliwa na Southwest Conference, chama cha tangu 1914 ambacho karibu wanachama wake wote walikuwa wa Texas. Timu ya futiboli ilianza kushindania ubingwa wake mwaka 1976, na msimu huo huo ikaugawana na Texas Tech. Kisha akaja kijana mrefu kutoka Lagos, Hakeem Olajuwon, akacheza na Clyde Drexler. Houston ikafika nusu fainali ya taifa miaka mitatu mfululizo, 1982 hadi 1984. Fainali mbili walizocheza walifungwa zote, lakini nani angethubutu kuwaita sekondari?

Halafu televisheni ikabadili kila kitu. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba chama cha michezo ya vyuo, NCAA, hakina haki ya kuhodhi mechi za futiboli kwenye televisheni. Kuanzia hapo vyuo na konferensi vikawa huru kujiuzia mechi zao, na taratibu thamani ya konferensi ikawa idadi ya watazamaji. Southwest Conference ilikuwa na jimbo moja tu la kuuza, ukiiondoa Arkansas. Mwaka 1987 timu ya futiboli ya SMU, chuo cha Dallas, ilifungiwa kwa kuwalipa wachezaji kinyume cha kanuni. Muda si mrefu Arkansas nayo ikaondoka kwenda SEC. Nyumba ilikuwa inavuja.

Mwaka 1994 vyuo vya Big Eight, majirani wa kaskazini, viliita vinne kutoka Texas vikaunda Big 12: Texas, Texas A&M, Texas Tech na Baylor. Wakaachwa Houston, SMU, TCU na Rice. Simulizi ya Texas ni kwamba siasa ndiyo iliyogawa viti. Naibu gavana wa wakati huo, Bob Bullock, alikuwa amesoma Texas Tech na Baylor, na gavana Ann Richards alikuwa mhitimu wa Baylor. Ni nani alimpigia nani simu, wanabishana mpaka leo. Ila tuwe wakweli: mwaka huo huo timu ya futiboli ya Houston ilishinda mechi moja tu kati ya 11. Asiye na mtetezi na asiye na matokeo, atashika nini mkononi?

Wakaenda Conference USA mwaka 1996. Mechi na majirani zikapungua, fedha zikawa za kubangaiza. Uchungu zaidi ulikuja pale TCU, mwenzao wa kuachwa, alipoitwa Big 12 na kuanza kucheza huko mwaka 2012.

Mwaka huo huo wa 2012 wanafunzi wa Houston walipiga kura wakakubali kujitoza ada ya dola 45 kila muhula kwa ajili ya uwanja mpya wa futiboli na ukarabati wa ukumbi wa kikapu. Uwanja ulifunguliwa mwaka 2014. Tarehe 31 Desemba 2015 timu yao ikaifunga Florida State 38-24 kwenye Peach Bowl. Basi Big 12 ilipotangaza Julai 2016 kwamba inafikiria kuongeza wanachama, Houston nzima ikalipuka. Mashabiki na wahitimu wakajaza mitandao kwa alama ya reli ya #Big12UH. Gavana Greg Abbott akaandika Twitter kwamba upanuzi usio na Houston usizungumzwe kabisa. Hata rais wa Chuo Kikuu cha Texas, Greg Fenves, akajitokeza kuwaunga mkono. Wapo walioguna, maana mfumo wa vyuo wa Texas ulikuwa umenunua zaidi ya ekari 300 ndani ya jiji la Houston, na watu wa Houston walikuwa wameshakasirika kwa kuingiliwa shambani mwao.

Tarehe 3 Septemba 2016 wakaifunga Oklahoma, mwanachama mkubwa wa Big 12, 33-23. Wangefanya nini zaidi? Lakini tarehe 17 Oktoba wakuu wa Big 12 wakatoka kikaoni na kusema haongezwi mtu. Sababu kubwa ilikuwa fedha. Kwa mikataba iliyokuwepo, ESPN na Fox zingelazimika kulipa zaidi kwa kila mwanachama mpya, na hazikufurahia. Mwezi uliofuata kocha Tom Herman akachukuliwa na Texas. Kidonda kikatoneshwa.

Mlango ulifunguka kwa sababu nyingine kabisa. Julai 2021 Texas na Oklahoma walitangaza kwamba wanakwenda SEC kutafuta fedha zaidi. Big 12 iliyobaki ikaingiwa na hofu ya kufa. Tarehe 10 Septemba ikawaita Houston, Cincinnati, UCF na BYU. Safari hii hakukuwa na kampeni ya maana. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyetoka nje kutafuta wapangaji. Houston waliingia rasmi tarehe 1 Julai 2023. Texas, waliokuwa hawajaondoka bado, wakaja Houston tarehe 21 Oktoba, wakashinda 31-24, na kiangazi kilichofuata wakahama. Vijana walililia kukaa meza moja na kaka mkubwa, wakapata usiku mmoja tu.

Basi kelele zilikuwa bure? Ukisoma tarehe zilivyopangana utaona hazikufungua mlango hata mara moja. Mwaka 2016 zilikuwa juu kuliko wakati wowote na jibu likawa hapana. Lakini mimi sikubali kwamba zilikuwa bure. Kelele zile ndizo zilizowafanya watu walipe ada, wajenge, na wamlipe vizuri Kelvin Sampson, kocha wa kikapu aliyekuja mwaka 2014 na kuwafikisha nusu fainali ya taifa mwaka 2021, miezi michache kabla ya mwaliko. Big 12 ilipohitaji mtu kwa haraka, Houston walikuwa wamevaa tayari. Msimu wao wa kwanza wakaongoza msimamo wa kikapu, na Aprili 2025 wakafika fainali ya taifa, wakafungwa na Florida 65-63.

Gharama yake tuihesabu vilevile. Wanafunzi waliopiga kura mwaka 2012 karibu wote walikuwa wameshahitimu kabla timu yao haijacheza mechi hata moja ya Big 12. Walijitoza kwa ajili ya furaha ya wadogo zao. Na wakati Houston wanakaribishwa, upande wa magharibi konferensi ya zamani ya Pac-12 ilikuwa inakimbiwa na wanachama wake, kumi kwa jumla, wanne kati yao wakija Big 12 hiyo hiyo. Ilipofika 2024 walikuwa wamebaki wawili tu, Oregon State na Washington State. Mashabiki wao nao walipiga kelele, wakaandika, wakawaomba wanasiasa wao. Mtu wa Houston mwenye kumbukumbu, akizisikia kelele hizo, anazijua vizuri.