Kuharibika kwa gari jipya

Kuharibika kwa gari jipya ni hali ambapo gari lililonunuliwa kabla ya kutumika linapata hitilafu muda mfupi baada ya mnunuzi kukabidhiwa, bila hitilafu hiyo kusababishwa na ajali wala uchakavu wa kawaida. Nchini Tanzania haki za mnunuzi wa gari la namna hiyo zinatokana na mkataba wa mauzo pamoja na dhamana ya mtengenezaji, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa (Sura ya 214) na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Katika mikoa iliyo mbali na Dar es Salaam, kama vile Shinyanga na Geita, haki hizo hutegemea sana jinsi mnunuzi anavyotenda katika siku za kwanza baada ya gari kukwama.

Maana ya gari jipya

Katika mazungumzo ya kila siku Watanzania wengi huita "gari jipya" hata gari lililotumika Japani kwa miaka kadhaa na kuingizwa nchini kwa mara ya kwanza. Makala hii inahusu gari ambalo halijawahi kuwa na mtumiaji mwingine, ambalo watu huliita "gari la kilomita sifuri". Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu kwa kawaida gari lililotumika huuzwa bila dhamana ya mtengenezaji. Kanuni nyingi zilizoelezwa hapa zinahusu pia pikipiki na bajaji mpya, ambazo ndizo vyombo vipya vya moto vinavyonunuliwa na watu wengi wa kipato cha kawaida.

Mazingira ya Shinyanga na Geita

Mikoa ya Shinyanga na Geita iko kusini mwa Ziwa Viktoria. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012. Uchumi wa eneo hili hutegemea kilimo, ufugaji na madini: almasi ya Mwadui, na dhahabu ya migodi mikubwa kama Geita na Bulyanhulu pamoja na ya wachimbaji wadogo walioenea katika wilaya nyingi. Wafanyabiashara, makandarasi na wachimbaji hununua magari yenye nguvu, hasa pikapu, kwa ajili ya kazi hizo.

Mawakala wakuu wa watengenezaji wa magari wako Dar es Salaam, na baadhi yao wana matawi Mwanza. Kwa hiyo gari jipya likikwama Geita au Kahama, mara nyingi husafirishwa zaidi ya kilomita 100 ili lifike kwa fundi anayetambuliwa na mtengenezaji. Kwa miaka mingi gari lililotoka Geita kwenda Mwanza kupitia Sengerema lililazimika kuvuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko kati ya Busisi na Kigongo. Tangu Juni 2025 hupita juu ya Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3.

Umbali huu humfanya mnunuzi kuona ni nafuu kumwita fundi wa karibu. Mafundi wa Kahama, Katoro na Geita wana uzoefu mkubwa, lakini fundi asiyetambuliwa akifungua injini au giaboksi, wakala huweza kukataa madai ya dhamana kwa hoja kwamba hitilafu imeletwa na fundi huyo. Isitoshe, ushahidi wa kosa la kiwandani unaweza kupotea.

Sababu za hitilafu

Hitilafu za gari jipya zimegawanyika katika makundi mawili. La kwanza ni makosa ya kiwandani: kifaa kisichofungwa sawasawa, nyaya zenye kasoro, uchafu uliobaki ndani ya mfumo wa oili, au programu mbovu ya kompyuta ya gari. La pili ni sababu za nje: mafuta machafu, kuzidisha mzigo, kuchelewesha huduma ya matengenezo, na vumbi linaloziba chujio la hewa.

Mabishano mengi kati ya mnunuzi na wakala huhusu kundi lipi limesababisha gari kukwama. Injini za kisasa za dizeli hupuliza mafuta kwa shinikizo kubwa sana kupitia matundu membamba ya injekta, na maji au uchafu kidogo tu hutosha kuziharibu. Katika vijiji na machimbo yaliyo mbali na vituo, mafuta huuzwa kwa madumu, na mnunuzi hana njia ya kuthibitisha usafi wake. Mwenye risiti za kituo cha mafuta kinachotambulika ana nafasi nzuri zaidi ya kujitetea kuliko asiye nazo.

Dhamana ya mtengenezaji

Dhamana, au waranti, ni ahadi ya kutengeneza au kubadilisha kifaa chenye kasoro bila malipo ndani ya muda maalumu. Mara nyingi hutolewa kwa miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Gari la kazi za mgodini linaweza kumaliza kilomita hizo kabla ya muda wenyewe kuisha.

Kwa kawaida dhamana haihusu matairi, vitambaa vya breki, klachi na vifaa vingine vinavyolika kwa matumizi. Mara nyingi gharama ya kulivuta gari na hasara ya kazi iliyosimama hazimo pia, isipokuwa mkataba umesema hivyo. Bima kubwa ya gari nayo hulipia ajali, wizi na moto, wala si ubovu wa mitambo. Aliyenunua kwa mkopo wa benki huendelea kudaiwa marejesho hata gari likiwa limesimama.

Haki za mnunuzi kisheria

Dhamana ya mtengenezaji haifuti haki zinazotolewa na sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inaingiza katika mauzo ya mfanyabiashara masharti ambayo hata yasipoandikwa yanahesabiwa kuwemo. Mojawapo ni kwamba bidhaa iwe na ubora unaostahili kuuzwa. Sharti hilo likivunjwa, mnunuzi anaweza kulikataa gari na kudai fedha zake.

Haki ya kukataa hupotea mnunuzi akishalipokea gari kisheria. Kutia saini hati ya makabidhiano peke yake si lazima kuwe kupokea kwa maana hiyo, ikiwa hajapata nafasi ya kulikagua. Lakini akikaa nalo kwa muda unaotosha bila kumwarifu muuzaji kwamba amelikataa, huhesabiwa kuwa amelipokea, na hapo hubaki na haki ya kudai fidia tu.

Sheria hiyo ina kifungu chenye faida kubwa kwa mtu wa mbali: mnunuzi aliyekataa bidhaa kwa haki halazimiki kuirudisha, ila mkataba ukisema vinginevyo. Yatosha kumjulisha muuzaji kwamba ameikataa. Kwa hiyo aliyeko Nyarugusu au Ushirombo hahitaji kusubiri apate gari la kuvuta ndipo atoe tamko lake.

Sheria ya Ushindani nayo ina sehemu zinazohusu mikataba ya walaji, wajibu wa watengenezaji, usalama wa bidhaa na kurejeshwa kwa bidhaa zenye kasoro. Inasimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), ambayo hupokea malalamiko ya walaji. Aliyenunua ili auze tena hahesabiwi kuwa mlaji. Madai ya mkataba yanaweza kufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 6, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama.

Hatua zinazofaa kuchukuliwa

- Kulisimamisha gari mara taa ya onyo ya injini au ya oili inapowaka. Kuendelea kuliendesha huongeza uharibifu na humpa muuzaji hoja ya kujitetea.
- Kupiga picha dashibodi, idadi ya kilomita, namba ya chesisi na mahali gari lilipokwama.
- Kumwarifu muuzaji kwa maandishi siku hiyohiyo, na kutaja wazi kama mnunuzi analikataa gari au anataka litengenezwe. Simu pekee haiachi ushahidi wa kutosha.
- Kuomba maelekezo ya maandishi kabla ya fundi yeyote kulifungua, pamoja na makubaliano kuhusu nani atalipa gharama ya kulivuta.
- Kutunza mkataba, risiti ya EFD, kijitabu cha huduma na risiti za mafuta.
- Kudai ripoti ya fundi kila gari linapopelekwa kwa wakala. Hitilafu ileile ikirudi mara kadhaa, ripoti hizo ndizo ushahidi.
- Kupeleka lalamiko FCC au kumwona wakili endapo muuzaji hajibu.

Mifano kutoka nchi nyingine

Kesi mashuhuri ni ya Uingereza ya Bernstein dhidi ya Pamson Motors, iliyoamuliwa miaka ya 1980. Gari jipya aina ya Nissan lilikwama baada ya wiki 3, likiwa limetembea maili 140 hivi, sawa na kilomita 225. Kipande cha gundi ya kuzibia kilikuwa kimeingia katika mfumo wa oili tangu kiwandani. Mahakama ilikubali kwamba gari halikuwa na ubora unaostahili, lakini ikaamua kwamba wiki hizo 3 zilitosha kuhesabu kuwa mnunuzi amelipokea, hivyo akapata fidia bila kuruhusiwa kulirudisha. Hukumu za Uingereza haziifungi mahakama ya Tanzania, ingawa huweza kuishawishi, hasa zinapotafsiri maneno yanayofanana.

Uingereza yenyewe ilibadilisha msimamo huo: Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inampa mlaji siku 30 za kukataa bidhaa yenye kasoro. Nchini Marekani magari mapya yanayoharibika mara kwa mara huitwa kwa utani "malimau", na jimbo la Connecticut lilitunga sheria maalumu juu yake mwaka 1982. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania haitaji idadi ya siku. Muda unaotosha huamuliwa kwa kutazama mazingira ya kila kesi, na kwa hiyo tarehe ya barua ya kwanza ya mnunuzi huwa na uzito mkubwa.