Kabla ya Rimoti, Rimoti Ilikuwa Mimi

Wasee, kuna kazi moja huwezi kuiandika kwa CV, na mimi nimeifanya. Nilipoacha chuo, binamu yangu alinichukua kwa pikapu yake ya kuosha. Nyuma kulikuwa na tangi la lita 1,000, pampu ya presha ya petroli na mpira wa mita 30. Tulizunguka Ruiru yote, Membley hadi Kamakis, siku zingine tunafika Thika. Magari, lori, kabro, kuta, chochote chenye matope. Yeye alishika bunduki ya maji, mimi nikakaa kando ya pampu. Akipiga kelele "Zima, buda!" nazima. Akisema "Sabuni!" nafungua vali ya sabuni. Nilikuwa rimoti yenye miguu.

Msicheke. Ukiachilia kidude cha bunduki na injini bado inanguruma, maji yanazunguka ndani ya pampu na kupata moto. Ukiyaacha hivyo, sili zinaharibika. Pia pampu ya lita 15 kwa dakika inamaliza tangi letu kwa saa moja na dakika chache. Siku moja pale Kamakis nilikuwa kwa simu, sikusikia nikiitwa. Tangi likaisha, pampu ikazunguka kavu, sili zikaungua. Pesa yangu ya wiki ikaenda hapo.

Usiku huo nikaanza kusoma: hii kitu ya kuendesha mashine ukiwa mbali ilitoka wapi?

Ni ya zamani kuliko nilivyofikiria. Mwaka 1898, Nikola Tesla alionyesha watu wa New York mashua ndogo aliyoiendesha kwa mawimbi ya redio, bila waya wowote. Mwaka 1950, kampuni ya Kärcher ya Ujerumani ikatoa mashine yake ya kwanza ya kuosha kwa maji moto yenye presha. Kwa hivyo redio na presha zote zilikuwepo kabla babu yangu aoe. Kilichokosekana ni bei ambayo mtu wa jua kali anaweza kulipa.

Hapa Kenya, kilichotufungulia mlango ni simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na watu wakazoea kwamba ujumbe mfupi unaweza kufanya kazi ya kweli. Mwaka 2013 kule Kyuso, Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walijaribu kuweka vifaa ndani ya mikono ya pampu za kijiji. Kifaa kilihesabu jinsi mkono unavyopigwa, kikatuma habari kwa mtandao wa simu. Pampu ikinyamaza, fundi anatumwa. Matengenezo yaliyokuwa yakichukua karibu siku 27 yakashuka chini ya siku 3. Mwaka 2015, Mathare ikapata mashine za maji za kadi: unagusisha kadi, maji yanatoka.

Na huku kwetu? Thika Road mpya ilifunguliwa rasmi Novemba 2012. Estate zikaota, magari yakaongezeka, vumbi pia. Lakini maji ni story ingine. Bwawa la Ndakaini, juu kwenye mto Thika, lilikamilika 1994 na linabeba mita za ujazo milioni 70, lakini kazi yake kubwa ni kunywesha Nairobi. Sisi tulijaza tangi kwa pesa. Kila lita iliyomwagika nikichelewa kuzima, tulikuwa tumeinunua.

Kwa hivyo nikaunda rimoti. Betri ya volti 12, relei, vali mbili za umeme na kidude cha mfukoni kama cha alamu ya gari. Kitufe kimoja kinazima injini, kingine kinaleta sabuni, cha tatu maji safi. Ndani ya tangi kuna boya: maji yakishuka sana, injini inajizima. Betri ikifa, vali zinajifunga. Kuwasha tuliacha kwa mkono, juu sitaki injini iwake mtu akiwa ameshika mpira bila kujua.

Ilifanya kazi. Jamaa wawili wa Ruiru wakataka ya kwao, nikawafungia. Kwa wa pili, kijana aliyekuwa akikaa kando ya pampu alinishikia tochi kazi yote. Jumatatu iliyofuata hakuwa kwa pikapu. Nilijua ni kwa nini.

Nimerudi kwa ile habari ya Kyuso mara nyingi. Pale, kifaa hakikumfukuza fundi, kilimwambia aende wapi. Rimoti ni ileile, tofauti ni mwenye pampu ameamua nini. Siku hizi kabla sijachukua kazi, naweka sharti: kijana wa pampu nitamfundisha kufunga waya, kubadilisha sili na kushika bunduki, na wewe utambakisha. Mmoja amekataa, nikaikosa hiyo kazi. Mwingine amekubali, na yule kijana sasa ananipigia yeye mwenyewe vali ikikwama.